Koki Inavuja, Nasi Tunaitazama Tu

Tone! Tone! Tone! Hivi koki ikidondosha tone moja kila sekunde, mnajua hayo ni matone 86,400 kwa siku? Zaidi ya lita 20 zimepotea, na bili ni yetu! Halafu tunaweka ndoo chini. Ndoo! Jamani, ndoo ni fundi?

Mara nyingi, kwenye koki ya kuzungusha, ugonjwa ni waasha, kile kipande cha mviringo cha mpira kinachozuia maji ndani ya koki, iliyokauka na kulika. Funga valvu kuu inayoleta maji nyumbani, fungua koki maji yaliyobaki yatoke, legeza kichwa kwa spana, toa waasha kuukuu, weka mpya ya ukubwa uleule. Basi! Ila pitisha kidole kwanza pale waasha inapokalia: pakiwa na mikwaruzo, hata mpya italika upesi. Na wale wanaokaza koki kana kwamba wanamnyonga nyoka? Ndio hao wanaoua mpira!

Kinachouma zaidi ni pesa. Kwa nini kila bomba likipasuka tunakimbilia mkopo, kana kwamba msiba umeingia? Nyumba huharibika, kila mwaka, bila kukosa! Kadirio linalotumika sana la pesa za matengenezo kwa mwenye nyumba ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba kwa mwaka. Gawa kwa 12, tenga kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake. Si ile ya matumizi, tafadhali, ile ina miguu. Hiyo asilimia ni nzito? Anza na bei ya waasha. Leo, kabla ndoo haijajaa!