Zebaki ya wafalme wa China, madaktari wanalaumiwa bure?

Dawa za kale za China zikitajwa tu, lazima atokee mtu na ile ya Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza wa China yote, kwamba madaktari wake walimlisha vidonge vya zebaki ili aishi milele, vikamuua mwaka 210 KK. Kutoka hapo inahitimishwa kwamba tiba yote ya ikulu enzi zile ilikuwa kuwapaka wafalme mafuta kwa mgongo wa chupa. Naelewa kwa nini hoja hii inashika, ila kuna watu inawaonea.

Kwanza, Sima Qian, aliyeandika historia hiyo miaka zaidi ya 100 baadaye, anasema mfalme aliugua safarini akafia Shaqiu. Zebaki anayoitaja ni ya kaburini, iliyotengenezewa mfano wa mito. Na waliomwahidi uzima wa milele walikuwa fangshi, watu wa siri na maajabu kama Xu Fu aliyetumwa baharini 219 KK kutafuta visiwa vya wasiokufa. Madaktari wa ikulu walikuwa kundi lingine, waajiriwa wenye ofisi na mkuu wao, taiyi ling.

Sasa mchukue Chunyu Yi wa Qi, ufalme mdogo uliokuwa chini ya mfalme wa China. Alikuwa msimamizi wa maghala ya nafaka na tabibu, akashtakiwa, akapelekwa Chang'an, mji mkuu, kukatwa viungo. Binti yake mdogo Tiying akamfuata, akamwandikia mfalme wa China, Wen, kwamba yuko tayari awe mtumwa baba yake asamehewe, na mwaka 167 KK mfalme akafuta adhabu zile za kukata viungo. Baadaye mfalme huyohuyo akamtaka Yi aeleze kazi yake, naye akatoa kesi 25, kila moja na jina la mgonjwa, cheo chake, mapigo yalivyokuwa, dawa aliyopewa na ilivyoishia. Kati ya hao 25, kumi walikufa.

Hiyo kumi ndiyo haiishi kunisumbua. Huyu mtu alinusurika adhabu ya mfalme kwa machozi ya mtoto, halafu anaulizwa na mfalme mwenyewe, na bado anaandika fulani alikufa, fulani naye alikufa. Ni kweli vifo vingi alikuwa amevitabiri, kwa hiyo vinamjengea jina pia, hilo nalikubali kabisa. Lakini alipoulizwa kama hukosea katika kupima, alijibu kwamba mara nyingine hukosea, hawezi kuwa mkamilifu. Tapeli haandiki hivyo.

Upande wa pili nao una nguvu zake. Mwaka 71 KK daktari mwanamke wa ikulu, Chunyu Yan, alitwanga fuzi, mzizi wenye sumu kali, akaingia nao kwa siri hadi kwa malkia Xu aliyekuwa ametoka kujifungua, akauchanganya kwenye kidonge kikubwa cha madaktari. Malkia akauliza, kichwa changu kizito, dawa hii haina sumu kweli? Yan akajibu haina. Malkia akafa. Aliyemtuma ni Huo Xian, mke wa Huo Guang, kiongozi mkuu wa serikali, na mke huyo alitaka binti yake awe malkia, na Yan alikuwa anamtafutia mumewe cheo. Hapo huwezi kumsingizia fangshi.

Halafu kuna kitabu cha dawa kinachopewa jina la Shennong, kilichokusanywa enzi za Han, nasaba iliyofuata ile ya Qin Shi Huang, dawa 365 kwa madaraja matatu. Jiwe jekundu lile ambalo ukilichoma linatoa zebaki liko daraja la juu kabisa, la dawa za kutumia muda mrefu. Fuzi iko daraja la chini, la sumu. Kwenye hilo jiwe siwezi kuwatetea.

Ila kwenye fuzi walijua wanachofanya. Ukiichemsha muda mrefu sumu yake inavunjika, inabaki nguvu ya kuupasha mwili, ndiyo maana Zhang Zhongjing, karibu mwaka 200 BK, aliichanganya na tangawizi kavu na urukususu kwa mgonjwa aliyepoa mikono na miguu. Mzizi uleule uliomuua malkia.

Na kwenye mawe yenyewe, madaktari walishabishana mapema. Moja ya zile kesi 25 ni ya Sui, daktari wa mfalme wa Qi, aliyeugua akajitengenezea dawa ya mawe matano akanywa. Yi akamwambia, una joto la ndani, mkojo hautoki, dawa ya mawe ni kali, acha haraka, utaota jipu. Sui akamjibu kwa mafundisho ya Bian Que, tabibu mkubwa wa zamani. Siku mia na ushee baadaye jipu likatokea juu ya titi, likaingia hadi kwenye shimo la juu ya mtulinga, akafa. Yaani onyo lilitoka ndani ya fani yenyewe, daktari kwa daktari.

Sui angalau aliambiwa, mfalme angeambiwa na nani? Guo Yu, tabibu wa mfalme He karibu mwaka 100 BK, alikuwa anaponya maskini vizuri ila kwa wakubwa anashindwa. Mfalme akamvalisha mgonjwa mmoja mkubwa nguo chakavu na kumhamisha mahali, Guo Yu akamchoma sindano moja, akapona. Alipoulizwa, akasema mbele ya wakubwa anaingia na hofu, nao wanafuata akili zao badala ya kumwamini daktari, hawajitunzi, miili dhaifu haihimili dawa, wanapenda raha hawataki kazi.

Hiyo hofu ndiyo mi naiona chanzo, kuliko ujinga wa dawa. Miaka 700 baadaye, enzi za nasaba ya Tang, Pei Lin, karani wa kuandika mwenendo wa mfalme, alimshauri mfalme Xianzong kwamba watengenezaji wa dawa za uzima wa milele wazinywe wao kwanza mwaka mzima. Pei Lin akashushwa cheo, akapelekwa mbali na ikulu. Mfalme aliendelea kunywa, akawa mkali hadi watu wake wa karibu wakawa wanamuogopa, na mwanzoni mwa 820 akafa, ikasemekana ni matowashi wake waliomuua.