Jukwaa la Jane Goodall na madaftari ya Gombe

Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 huko Marekani, katikati ya ziara ya mihadhara. Alikuwa na umri wa miaka 91, na kwa miaka mingi alikuwa safarini takriban siku 300 kila mwaka, leo ukumbi huu, kesho ule. Je, sayansi ilipata au ilipoteza mtafiti huyu alipogeuka mzungumzaji?

Hasara ipo. Alifika Gombe, mkoani Kigoma, Julai 1960, na mwaka huohuo akamwona sokwe aliyempa jina David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa na kulamba mchwa walioling'ang'ania. Jicho lililoona hivyo ndilo lililoondoka porini baada ya mkutano wa Chicago mwaka 1986, ambako watafiti wenzake walieleza jinsi misitu ya sokwe inavyokwisha. Jukwaa nalo lina matakwa yake: shujaa mmoja, kisa kifupi, watu warudi nyumbani na matumaini. Miaka ile minne, kuanzia 1974, ambapo sokwe wa kundi la Kasakela, hukohuko Gombe, waliwaua mmoja mmoja majirani zao wa kundi la Kahama, haikai vizuri ndani ya kisa cha namna hiyo. Mwaka 2013 kitabu chake kiliahirishwa baada ya kugundulika vifungu vilivyonakiliwa bila kutaja chanzo, naye akaomba radhi. Sioni ajabu. Anayeandika kati ya ndege na ndege hana muda wa kukagua madaftari yake.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema mihadhara yake ni maneno matupu. Mwaka 1991 vijana 12 walikutana naye barazani kwake Dar es Salaam, na mazungumzo yale yakazaa mpango wa vijana wa kutunza mazingira, Roots & Shoots, ambayo leo ina vikundi katika nchi nyingi duniani. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma, baada ya yeye kuruka kwa ndege juu ya Gombe na kukuta vilima vinavyoizunguka hifadhi vimebaki vipara. Wanakijiji waliulizwa kwanza wanataka nini, na maji, afya na shule vikaingia kwenye kazi ya kuokoa msitu. Kazi kama hiyo hula fedha kila mwezi, na mchangiaji wa mbali hutoa kwa sababu aliwahi kumsikia mtu akizungumza. Ukumbi uliojaa ulikuwa na faida hata kwa mtu wa Mwamgongo, kijiji jirani na Gombe, asiyewahi kuuona.

Linalonisumbua ni jingine. Mwaka 1975 waasi walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire wakateka watu wanne waliokuwa wakifanya utafiti Gombe. Wageni wakaondoka, na kazi ikabaki mikononi mwa Watanzania, wengi wao watu wa vijiji vya jirani. Ndio wanaomfuata sokwe tangu anapoamka kiotani mpaka anapolala: anakula nini, yuko na nani, amepanda mti gani, amempiga nani. Wanaandika kwa Kiswahili, halafu maandishi hayo yanatafsiriwa kwa Kiingereza. Goodall aliwataja na kuwashukuru katika vitabu vyake, hilo tumpe. Lakini ukumbi haushangilii orodha ya shukrani. Kilichoandikwa kwanza kwa lugha yetu kilisikika London na New York kabla mwanafunzi wa Ujiji hajakisikia, na wengi wao hawajakisikia mpaka sasa.

Kwa hiyo naegemea upande wa jukwaa, ila nataka abadilike anayepanda juu yake. Mpeni kipaza sauti mmoja wa waandishi wale wa porini, katika ukumbi wa shule Kigoma mjini, bila kiingilio. Afungue daftari lake na kusoma ukurasa wa siku moja tu, tangu alfajiri, kisha watoto waulize.