Krosova Nyanda za Juu Kusini: kibandiko cha mlangoni au maneno ya fundi tairi?

Mwenye krosova, yaani gari la familia lililoinuka kidogo kama RAV4, Vanguard, X-Trail, Harrier au Forester, anayeishi kati ya Iringa na Tunduma huumiza kichwa kuhusu tairi mara mbili: gari linapofika kutoka Dar, na meno yanapoisha. Mara zote mbili washauri wake huwa wa pande mbili. Kuna watu wa kibandiko: fungua mlango wa dereva, soma karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo, nunua saizi hiyo hiyo, jaza upepo huo huo, basi. Wa upande wa pili huwacheka. Kibandiko hicho, wanasema, kiliandikwa na mtu aliyekuwa akifikiria lami ya Nagoya. Hajawahi kupanda Kitonga nyuma ya lori la mizigo wala kuteleza kwenye udongo mwekundu wa Mufindi mwezi wa pili. Dawa yao ni tairi kubwa zaidi na upepo mwingi zaidi.

Mimi nipo karibu na watu wa kibandiko, ingawa kwenye suala la mzigo wanakosea waziwazi.

Tuanze na saizi. Chukua RAV4 ya kizazi cha tatu, ile iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2005, au ndugu yake Vanguard. Gari hilo hilo limetoka kiwandani likiwa na tairi za 225/65R17 kwa matoleo fulani na 235/55R18 kwa mengine. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu wa tairi, kwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni rimu, kwa inchi. Ukipiga hesabu, ubavu wa ile ya inchi 17 una milimita 146, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 724. Ile ya inchi 18 ina ubavu wa milimita 129 na kipenyo cha 716. Kwa hiyo toleo la bei ya juu, lenye rimu inayong'aa, lina tairi fupi kidogo na ubavu uliopungua karibu milimita 17. Hizo milimita 17 ni mpira na hewa, na ndizo zinazopokea shimo kabla rimu haijalipokea.

Wa kupandisha saizi wana hoja ya kweli: krosova nyingi zipo chini mno kwa njia za vijijini kwetu. Anayekwenda shamba la parachichi nje ya Njombe, au anayefuata njia za vumbi za upande wa Hifadhi ya Ruaha, anajua sauti ya jiwe likigonga chini ya gari. Ila tuangalie wanachokipata. Ukitoka 225/65R17 kwenda 235/65R17, kipenyo kinaongezeka milimita 13, na kwa kuwa nusu ya nyongeza hiyo iko juu ya ekseli, gari linainuka milimita sita na nusu tu, unene wa penseli. Ukijikaza hadi 245/65R17, unapata milimita 13. Jiwe ambalo lingekugonga jana litakugonga na leo.

Gharama ya hizo 13 ipo. Ukikata usukani hadi mwisho kwenye zile kona za kupanda kutoka Chimala kwenda Matamba, tairi pana linaweza kuanza kusugua plastiki ya ndani ya bodi, na likibebeshwa mzigo ndiyo kabisa. Tairi likiwa kubwa kwa asilimia tatu na nusu, gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho, na injini ya lita mbili inayohema Kitonga italisikia hilo. Spidi nayo inabadilika: mshale ukisoma 50, gari linakimbia karibu 52. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, kwa hiyo huenda hutapigwa tochi kwa sababu hiyo peke yake, lakini ule unafuu uliokuwa nao unakuwa umeumaliza, na kati ya Igawa na Mbeya vibao vya 50 vimefuatana.

Kuna jingine ambalo halisemwi sana. Tairi pana hupenda mchanga, ambako linaelea juu juu. Kwenye tope laini lenye ardhi ngumu chini yake, tairi jembamba hukata tope na kufika kwenye ugumu. Na kwenye lami iliyojaa maji, pana huanza kuelea mapema zaidi. Barabara ya kutoka Uyole kushuka Tukuyu ina mvua kuliko karibu kila mahali nchini, nayo ni ya miteremko na kona. Sioni kwa nini mtu wa Rungwe auziwe upana.

Kwa hiyo kama una rimu ya 18 na unataka tairi la barabara zetu, shuka inchi moja ya rimu, bakisha kipenyo karibu kile kile, ongeza ubavu. Kwa RAV4 na Vanguard hilo ni kurudi kwenye 225/65R17, saizi ya kiwanda. Rimu za mtumba za inchi 17 zinapatikana, ila hakikisha idadi ya nati, nafasi kati ya nati na kina cha rimu (inaingia ndani ya bodi kiasi gani) vinafanana, na kwamba rimu inapita bila kugusa kalipa ya breki. Kwa magari mengine angalia saizi iliyokuja na toleo la chini la mwaka huo huo. Hiyo ndiyo saizi unayoweza kuamini. Utapoteza kidogo ule ukali wa gari kwenye kona, na utapoteza sura. Sura si kitu kidogo kwa kila mtu, nakubali. Kuna Harrier nyingi Mbeya ambazo safari yake ndefu ni Soweto kwenda Mbalizi kwenye lami, na mwenye gari hilo akipenda kubaki na 18 yake, simsumbui.

Sasa upepo. Hapa ndipo kelele ilipo nyingi na vipimo ni vichache.

Ukisimama kwa fundi tairi, Mwanjelwa au Ipogolo, swali ni moja: "Bosi, nikuwekee arobaini?" Kibandiko cha krosova nyingi kutoka Japani kinasema 220, 230 au 240, kwa kipimo cha kPa. Kwenye geji ya fundi, inayosoma PSI, hiyo ni 32, 33 na 35. Arobaini imetoka wapi? Mara nyingi imetoka ubavuni mwa tairi lenyewe, palipoandikwa MAX PRESS 44 PSI au 51 PSI. Fundi anasoma namba hiyo, anaona arobaini ipo chini yake, anajiona ana tahadhari. Lakini namba hiyo ni kikomo cha tairi, iliyowekwa na mtengeneza tairi ambaye hajui litafungwa kwenye gari gani. Kibandiko kimewekwa na aliyelipima gari lako.

Tairi la PSI 40 kwenye gari tupu hukanyaga zaidi kwa katikati. Katikati panaisha kwanza, breki inashika sehemu ndogo ya lami, na kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo gari linarukaruka, shokapu na bushi zikibeba kile ambacho tairi lilipaswa kubeba. Wanaotetea 40 hujibu kwamba upepo mwingi unazuia rimu kupinda kwenye shimo. Ni kweli kwa kiasi, na ni kweli zaidi kwa ubavu mfupi, jambo linalonirudisha kwenye inchi 17. Wanajibu pia kwamba mafuta yanapungua. Yanapungua, kidogo sana.

Upepo mdogo ndio hatari kubwa zaidi, na hilo watu wa arobaini wanalijua vizuri kuliko watu wa kibandiko. Tairi lenye PSI 24 linakunjwa ubavuni kila mzunguko, na kukunjwa huko ni joto. Toka Makambako asubuhi ya baridi, shuka hadi Igawa, kata bonde la Usangu saa nane mchana gari likiwa na watu watano: joto la lami, mwendo na mzigo vinakutana kwenye ubavu mmoja. Tairi likipasuka hapo, fundi atasema lilikuwa na upepo mwingi, kumbe lilikuwa na mchache.

Halafu kuna hadithi ya mwinuko. Utaambiwa kwamba ukitoka Dar kwenda Mbeya lazima upunguze upepo njiani, kwa sababu juu hewa ni nyepesi. Fizikia yake ni sahihi, ila imeishia nusu. Usawa wa bahari, hewa ya nje inalibana tairi kwa PSI 14.7 hivi, Mbeya mjini, mita kama 1,700 juu, inabaki 12. Kwa hiyo geji ingesoma juu kwa karibu PSI 2.7 kama joto lisingebadilika. Lakini joto linabadilika. Tairi uliloliwekea 33 Dar katika nyuzi 30, ukilipima Mbeya asubuhi ya mwezi wa saba katika nyuzi 10, limepoteza karibu PSI 3 kwa baridi. Nyongeza na punguzo vinakutana na geji inasoma kati ya 32 na 33. Mchana wa nyuzi 25 itasoma 35. Hakuna cha kupunguza. Anayeishi Mbeya apime Mbeya, asubuhi, kabla gari halijatembea, na namba ya kibandiko inafaa kama ilivyo.

Kubaya zaidi ni kupunguza njiani, tairi likiwa la moto. Baada ya mwendo wa saa moja, 33 ya asubuhi kusoma 37 au 38 ni kawaida. Kibandiko kinazungumzia tairi baridi na aliyekiandika alijua litapanda. Ukilitoa upepo pale Ilula lirudi 33, kesho asubuhi litaamka na 29.

Sasa kosa la watu wa kibandiko. Vibandiko vingi vya magari yaliyouzwa ndani ya Japani vina namba moja tu, na Japani, uzito wa gari lililojaa huhesabiwa kwa kilo 55 kwa kila abiria. Watu watano ni kilo 275. Sasa mwangalie baba aliyetoka Kyela na familia yake, watu wazima wanne na mtoto, na gunia la mchele la kilo 100 kwenye buti, na mkungu wa ndizi alioongeza Tukuyu kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Amefika kilo 450 bila kujua, na nyingi zimelalia ekseli ya nyuma. Kumwambia huyo abaki na 33 kwa sababu karatasi imesema ni ushauri mbaya. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya huwa na namba mbili, ya gari jepesi na ya gari lililojaa, na ya pili huwa juu, hasa kwa nyuma. Kwa safari ya namna hiyo naongeza PSI 3 hadi 4 matairi ya nyuma, yaani 36 au 37 yakiwa baridi, na upepo huo naupunguza tena mzigo ukishateremshwa. Arobaini ya fundi ilikuwa na chembe ya ukweli. Tatizo lake ni kuwekwa mbele na nyuma, gari tupu na gari zito, mwaka mzima.

Kushusha upepo hadi 26 kwa ajili ya mawe na mikunjo ya vumbi nako kuna watetezi, na kwa mwendo wa pole wana haki: gari linatulia na tairi linakumbatia jiwe badala ya kuchanwa nalo. Sharti lake ni kuwa na kompresa ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiwashio cha sigara na kurudisha upepo kabla ya kugusa lami. Asiye nayo asiguse.

Unaponunua, soma na herufi nyingine ubavuni. Baada ya saizi kuna kitu kama 102H: 102 ni uwezo wa kubeba, kilo 850 kwa tairi moja; 98 ni kilo 750. Usishuke chini ya lile lililokuja na gari. Kuna tarakimu nne mwishoni mwa mstari wa DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi la mtumba lenye meno mazuri na umri wa miaka tisa linapendeza machoni tu. Na kama neno STUDLESS limeandikwa ubavuni, hilo ni tairi la theluji lililokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake umetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi. Nimesikia watu wakilisifia kwamba linafaa Mbeya kwa kuwa Mbeya kuna baridi. Jalidi ya Kitulo huyeyuka asubuhi, na kuanzia hapo linaisha kwa kasi huku likishika lami vibaya.

Kama gari lako linavuta kwa miguu yote minne, nunua manne kwa mpigo, saizi moja na muundo mmoja. Tairi jipya upande mmoja na kipara upande mwingine hufanya vipenyo visilingane, na mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unashinda ukifanya kazi hata barabara ikiwa kavu na nyoofu, mpaka unapata moto. Kuutengeneza ni ghali kuliko matairi mawili uliyojaribu kuyakwepa. Na lile la akiba jembamba, kama ndilo ulilopewa, linataka PSI 60 na lisizidi kilomita 80 kwa saa. Wengi huligundua likiwa na 20, gari likiwa limeinuliwa tayari kwa jeki.