Esta na Sufuria ya Shangazi

Nilimwambia shangazi kwamba sabuni ni hesabu tu. Kila molekuli ya mafuta ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta, na kila mshikano ni esta. Kazi ya kostiki soda ni kuzivunja hizo esta tatu.

"Akina Esta watatu?" akauliza, mwiko mkononi. "Na wote uwavunje? Wazazi wao wanajua?"

Sikumjali. Mafuta ya nazi gramu 500. Kila gramu hula kostiki gramu 0.183, jumla 91.5. Nikapunguza asilimia 5 ili sabuni isichune ngozi, nikapima 87. Maji gramu 190. Hapo nikatoa mhadhara: kostiki humwagwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki, maana joto hurusha matone usoni. Glavu nimevaa, miwani nimevaa, dirisha wazi. Kila kitu sawasawa, ila chombo. Maji niliyatia kwenye sufuria yake ya alumini, ile ya pilau.

Alumini hujikinga kwa utando mwembamba wa oksidi. Kostiki huuyeyusha utando huo, kisha huitafuna alumini yenyewe na kutoa haidrojeni. Basi sufuria ikaanza kuchemka bila moto! Povu la kijivu likapanda, mvuke ukatukaba koo, na mimi msomi nimeduwaa. Shangazi ndiye aliyeuliza, "Hiyo hewa inashika moto?" Inashika. Na jiko la mkaa lilikuwa hatua tatu. Tulilitoa nje mbio, yeye kanga puani, mimi glavu zikinuka moshi.

Povu lilipotulia, ubishi ukanipanda, nikamimina mafuta. Nikakoroga saa nzima. Uji haukuwa mzito. Ungekuwaje? Gramu 87 za kostiki zaweza kumaliza alumini karibu gramu 59, na iliyokwisha kula sufuria haina tena nguvu ya kuvunja esta. Ningetumia ndoo ya plastiki ngumu au sufuria ya stili, saa hizi tungekuwa tunakata miche. Badala yake nikasikia to, to, to: mafuta yanadondoka sakafuni.

Jirani akachungulia mlangoni. "Makubwa! Nani kaitoboa?"

"Mambo ya huyu na Esta wake," shangazi akajibu.

Nikajitetea kwamba Esta hata hakuguswa. Jirani akavuta kigoda, akakaa.