Kikipinda, Kiache Kipinde

Binti yangu ana miaka sita. Juma lililopita tulikaa mezani kufinyanga wanyama kwa donge la unga na chumvi, naye akatengeneza ng'ombe mwenye miguu mitano. Nikanyoosha mkono, nikaung'oa mmoja. Hakulia wala hakulalamika. Aliurudisha mguu ule kwenye donge, akajifuta mikono kwenye gauni, akaenda zake. Usiku ndipo aliponiambia kwamba ule wa tano ulikuwa mkia. Ulikuwa mzito, kila akiubandika unadondoka, basi akaushusha mpaka chini ili usimame wenyewe.

Bado linaniuma. Mtoto alikuwa ametatua tatizo, nami nikalifuta jibu lake kwa sababu halikufanana na ng'ombe niliyekuwa naye kichwani.

Naamini hapo ndipo kazi za mikono za nyumbani zinapoharibika: mtu mzima anapoanza na picha ya kitu kilichokwisha kukamilika. Ameona kwenye simu twiga mzuri wa kadibodi. Anakusanya vifaa, anakata mwenyewe kwa kuwa mkasi wa mtoto unakwenda kombo, anabandika mwenyewe ili gundi isichuruzike. Mtoto kazi yake ni kushika chupa ya gundi. Twiga anapendeza kweli, lakini ni twiga wa mama.

Mimi sasa naanza na vitu. Navimwaga mezani: maboksi, vizibo vya chupa, soksi iliyopotewa na mwenzake, uzi, magazeti ya zamani. Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu.

Donge lenyewe ni rahisi mno. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, uyamimine kidogo kidogo maana unga haunywi maji sawasawa kila mara. Kanda kama dakika 10. Likinata vidoleni, ongeza unga. Likianza kupasuka pembeni, lowesha mikono uendelee. Anayetaka kuunganisha kichwa na kiwiliwili akwaruze pande zote mbili kwa uma, apake maji, ndipo abandike. Umbo lisiwe nene kupita sentimita 1, la sivyo nje litakauka na ndani litabaki bichi. Kwenye oveni, nyuzi 100 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu zinatosha. Ukiharakisha kwa moto mkali linavimba na kupasuka. Bila oveni, liache juani siku kadhaa ukiligeuza. Na tafadhali, kama kuna mbwa nyumbani, usiliache anapofika. Chumvi nyingi kiasi hicho inaweza kumdhuru vibaya.

Lakini nikiambiwa nichague kitu kimoja tu, nitachukua gazeti. Mpe mtoto ukurasa alichane kutoka juu kwenda chini: linachanika kwa mstari ulionyooka. Sasa aligeuze, alichane kwa upana. Linakwenda mrama, linajikata lenyewe. Nyuzi za karatasi hulala zaidi upande mmoja, tangu karatasi ilipopita kwenye mashine kiwandani. Binti yangu alichana gazeti zima kuhakikisha, na kwa nusu saa hatukutengeneza chochote. Sioni kwamba nusu saa ile ilipotea. Vipande vyake tulivichovya kwenye uji mwepesi wa unga uliopoa, tukavibandika juu ya bakuli lililopakwa mafuta, tabaka tatu, kila moja tukiliacha likauke. Lilipobanduka lilikuwa bakuli lililopinda upande mmoja. Ndilo linaloweka funguo zangu.

Boksi nalo lina ujuzi wake. Kadibodi ya boksi ina vijifereji ndani. Ukiikunja kufuata vijifereji inatii, ukiikunja kuvikatiza inavunjika na kukunjamana. Usimwambie. Atagundua kwa mkunjo wa pili au wa tatu, na akishagundua hasahau. Kazi ya mzazi hapa ni moja: kukata kwa kisu pale mkasi wa mtoto usipoweza, kwenye mstari aliouchora yeye, hata kama mstari huo umepinda. Kwa walio chini ya miaka mitatu, vizibo na vifungo viwe mbali kabisa, maana vinaweza kuwakaba.

Wazo la kumpa mtoto karatasi na udongo si geni. Mjerumani Friedrich Fröbel, ambaye mwaka 1840 aliipa shule yake ya watoto wadogo jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, aliweka kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi na kufinyanga miongoni mwa shughuli za kila siku. Alitaka mtoto ajifunze kwa kutenda.

Najua jibu la wengi: muda hakuna, na uchafu je? Uchafu upo, sitawadanganya. Unga ukikauka mezani unakwanguliwa, haufutiki kwa kitambaa. Tandika gazeti kabla, na mtoto afagie mwenyewe baadaye. Kuhusu muda, simu ya makopo haichukui hata dakika 15: makopo mawili yasiyo na kingo kali, tundu katikati ya kila kitako, uzi uliofungwa fundo kwa ndani. Uzi ukikazwa, mtikisiko wa sauti unasafiri kutoka kitako hadi kitako. Ukilegea, au mtu akiushika kwa kidole, sauti inakufa. Sisi tulizungumza kutoka chumba hadi chumba, na kupitia kopo hilo ndipo nilipomwomba radhi kwa ajili ya ng'ombe.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kesho atatengeneza mwingine, na mimi nikae upande wa pili wa meza.