Kuhusu Ule Mlio wa Jumapili

Naandika haraka kabla ile voisi ya rafiki yangu haijafika Mbeya. Simtaji jina kwa sababu ananidai suruali, nitafika huko. Kwa wale mliokwisha kuisikia kwenye magrupu: hapana, sikumlipua mama mkwe. Hapana, hakuzimia. Alikaa tu chini, juu ya tofali, kwa hiari yake mwenyewe.

Pikapu yangu mnaijua. Hilux ya mwaka 1989, ya petroli, kabureta, rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Ekzosi ilikuwa imeoza kuanzia kwenye mafla kwenda nyuma, ikawa inanguruma kiasi kwamba wanangu wakinisikia niko kona ya duka la mkaa wanazima TV na kushika madaftari. Mimi nilishazoea. Mtaa wetu huku Kimara ulishazoea. Aliyeshindwa ni mama mkwe, aliyekuja kutoka Korogwe kukaa nasi wiki mbili. Siku ya tatu nimerudi saa nne usiku, asubuhi nampa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema taratibu, macho yakiwa kwenye kikombe: "Mkwe wangu, gari lako linaongea kuliko wewe."

Mtu wa Tanga akikusema kwa upole namna hiyo, ujue umesemwa.

Fundi akataka laki moja na themanini, vifaa na kuchomelea. Nikapiga hesabu za kiume. Nikashuka Gerezani, nikapata bomba na mafla vya mtumba kwa elfu sabini, nikajiambia ugumu uko wapi, ni bomba tu, moshi unaingia huku unatokea kule.

Ugumu uko kwenye nati. Zile tatu zinazokamata bomba la mbele kwenye manifodi zilishika kutu tangu enzi za Mzee Mwinyi, na hazikuwa na mpango wa kuachia. Nikazimwagia dizeli, nikasubiri. Nikazigonga na nyundo, nikasubiri. Nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu. Ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ikakatika, mkono ukateleza, nikajigonga paji la uso kwenye chesisi, na kutu yote ya miaka thelathini na kitu ikaniingia mdomoni. Nikaazima drili kwa jirani. Raba za kuning'inizia sikununua, nilikata tyubu ya baiskeli ya mtoto (ameshajua, tumeyamaliza). Gasketi nikairudisha ileile, nikaipaka gundi. Kufika magharibi bomba limekaa. Na lilikaa vizuri, jamani, katika yote mtakayosikia hilo naomba mlikumbuke.

Sasa sogeeni karibu. Kuna njia ya kujua kama ekzosi inavuja: unaiziba nyuma kwa kitambaa, unawasha gari, unasikiliza panapotoa pssss. Mimi si fundi, ila nimekaa kwenye mabenchi ya gereji miaka mingi nikingoja gari, macho ninayo. Nikatafuta kitambaa. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na ndoo, ndani ya ndoo kuna kitu kimelowekwa, kimepauka, nikajua dekio. Nikachana kipande, nikakikamua, nikakisokomeza kwenye bomba. Kikagoma. Nikakisukumia kwa mpini wa fagio hadi kikapotea machoni.

Nikawasha. Pssss, pale kwenye gasketi. Nikakaza nati. Nikawasha tena, hakuna pssss, gari likajizima lenyewe, maana moshi hauna pa kutokea. Hamjui furaha niliyoipata. Hapohapo umeme ukakatika mtaa mzima. Nikapapasa gizani, nikaokota spana, nyundo, drili ya watu, nikaoga, nikalala usingizi wa fundi.

Mmesikia nilivyoviokota. Tuendelee.

Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi tunampeleka mama stendi ya Magufuli awahi basi la saa mbili. Majirani wametoka kumuaga, maana yule mama ni mtu wa watu. Kapewa maembe, kapewa na kuku. Nawasha gari. Linawaka, linakohoa mara mbili, linazima. Nawasha. Linakohoa, linazima. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaanza kuwaeleza watu habari za plagi na petroli chafu ya siku hizi. Nilieleza vizuri mno. Wengine walikuwa wanaitikia kwa kichwa.

"Tusukume," akasema rafiki yangu, kavaa suruali yake ya krimu ya kanisani.

Wakasukuma. Mimi ndani, gia ya pili, mguu kwenye klachi. Mama anafuata nyuma kwa hatua zake za pole, kikapu mkononi. Naachia klachi: injini inashtuka, haishiki. Tena. Tena. Kila mara petroli inaingia, haiungui yote, inakwenda kulala humo ndani ya bomba. Mara ya nne nikakanyaga mafuta mpaka chini.

Yaliyofuata niliyaona kwenye kioo cha pembeni, kile chenye ufa, kwa hiyo mengine niliyaona mara mbili.

Kwanza mlio. PAAA! Kunguru wa mtaa mzima wakaondoka kwa pamoja. Halafu wingu jeusi, na ndani ya wingu miguu ya rafiki yangu, suruali si ya krimu tena. Halafu kwenye wingu kikatoka kitu. Hakikuwa na haraka. Kilipaa, kikajikunjua hewani kama kinaanikwa, nikaona wekundu, nikaona na pindo, nikajiuliza, dekio na pindo wapi na wapi? Kikaanza kushuka. Mama akasogea kushoto kukikwepa. Nacho kikasogea kushoto. Kikatua juu ya kandambili zake, kinafuka moshi.

Kimya. Hata yule kuku alinyamaza. Mama akaweka kikapu chini, akainama, akakiokota kwa vidole viwili. Akakikung'uta. Masizi yakadondoka, maandishi yakatokea. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama karani anasoma hukumu:

"KAMA. MAMA."

NANI lilibaki kwenye ndoo.

Kisha akageuza shingo, akajitazama ubavuni. Ndipo nami nikatazama. Siku mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama alinunua doti mbili za sare, moja yake, moja ya binti yake, na hiyo ya binti yake ndiyo iliyombeba mjukuu mgongoni. Ya kwake alikuwa ameivaa kwa safari, na jina lake lilikuwa kamili, jeupe, halina masizi. Akatazama ya mkononi. Akatazama ya mwilini. Akarudi kwenye ya mkononi. Ndipo akakaa kwenye tofali.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Kioo hakikumfikia, na mimi sikukigeuza.

Yaliyobaki nayapitisha mbiombio. Nilipiga magoti kwenye mchanga, nikaomba radhi, nikaambiwa nyanyuka baba utachelewesha basi. Gari baada ya kutema lile dude likawaka mara moja, laini kama cherehani. Na hapo ndipo ilipo adhabu yangu. Ekzosi ya zamani ningejificha ndani ya kelele zake mpaka Mbezi. Sasa dakika ishirini, mimi na mama mkwe kwenye kiti kimoja cha mbele, mtu ambaye kwa kawaida hata sofa moja sikai naye, na gari halina sauti kabisa. Redio iliibiwa zamani. Nilikuwa namsikia kuku anavyopumua. Stendi akanipa mkono, akasema, "Ahsante mwanangu. Gari limetulia."

Suruali nimelipa nusu. Doti nimeizungukia maduka yote ya Mtaa wa Uhuru: nikipata jina, rangi siyo, nikipata rangi, jina lake siwezi kumpelekea mkwe.

Jana usiku amempigia binti yake, simu ikawekwa sauti ya juu makusudi nisikie. Salamu, kuku kafika mzima, mvua Korogwe bado. Halafu:

"Hebu muulize baba watoto, kile kipande kilichobaki kakizibia nini?"