Tovuti ya shule: wingu la bure au seva ya kukodi?

Tovuti nyingi za shule na SACCOS zetu ni kurasa tano au sita: historia, ada, picha, ramani, namba ya simu. Hata hivyo utakuta zimejengwa kwa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kwenye seva ya kukodi, na kila mzazi akifungua ukurasa, seva inaanza kuiuliza hifadhidata habari ambayo haijabadilika tangu muhula uliopita. Plagini (programu zake za nyongeza) zisiposasishwa, wadukuzi hupenya, na ipo siku tangazo la kamari litatokea chini ya picha ya mwalimu mkuu.

Tovuti tuli inaondoa balaa hilo. Faili za HTML zimeshaandaliwa, kazi ya seva ni kuzikabidhi tu. GitHub Pages, huduma ya wingu inayoweka tovuti tuli bure, ipo tangu 2008, na ukomo wake wa GB 1 kwa tovuti na takriban GB 100 za data kwa mwezi, shule ya kata hata haiusogelei. Cloudflare, huduma nyingine ya namna hiyo, ina vituo Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, kwa hiyo mzazi wa Temeke anaweza kuletewa ukurasa kutoka karibu tu.

Wanaotetea kampuni za hapa za kukodisha seva nao wana lao. Unalipa kwa simu bila kuhangaika na kadi ya benki, na kukiwa na tatizo kuna mtu wa kumpigia. Tena Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti iliyumba Tanzania, Kenya na kwingineko. Seva iliyopo nchini ina nafasi nzuri zaidi ya kufikika siku kama hizo. Ila uliza kwanza. Si wachache wanaouza huduma "ya hapa" ilhali mashine zenyewe ziko Ulaya au Marekani.

Bure nayo ina masharti yake. Februari 2024 mtumiaji mmoja wa kifurushi cha bure cha Netlify, huduma nyingine ya tovuti tuli, alisimulia kwamba ameletewa bili ya dola 104,500 baada ya faili moja ya sauti kupakuliwa mfululizo. Kampuni iliifuta bili hiyo habari ilipokwisha kusambaa. Huduma zinazotoza kwa matumizi, Amazon S3 (hifadhi ya faili ya wingu) ikiwemo, kwa kawaida hukutumia onyo la bajeti, lakini onyo halizuii bili kupanda. Kwa shule isiyo na fundi, mimi nisingeigusa S3. Isitoshe, anwani yake ya tovuti haina HTTPS (usimbaji unaolinda mawasiliano) mpaka uweke CloudFront, huduma nyingine ya Amazon, mbele yake.

Kinachonisumbua zaidi ni nani atabadilisha ada Januari ikifika. Kwenye WordPress, karani anaingia, anaandika, anabonyeza. Kwenye tovuti tuli, mara nyingi mtu ahariri faili, aitume kwa git (programu ya kutunza mabadiliko ya faili), asubiri tovuti ijengwe upya. Mafundi hulipita jambo hili haraka mno, kwa sababu wao si makarani. Na akaunti huwa ya kijana aliyeijenga. Akipata kazi Kigali, nywila anaondoka nazo.

Kwa hiyo shule inayobadilisha kurasa mara mbili kwa mwaka iende kwenye wingu. Inayotoa matangazo kila wiki ibaki na WordPress, ila imlipe mtu wa kuisasisha. Kwa vyovyote, domeni (jina la tovuti) ya .tz au .ke isajiliwe kwa jina la shule, kwa msajili wa hapa, mbali na akaunti ya fundi. Hapo kuhama kunakuwa suala la kubadilisha rekodi za DNS, zinazoelekeza jina hilo kwenye seva yake.

Linabaki suala la fomu ya kujiunga. Tovuti tuli haiwezi yenyewe kupokea majibu, hivyo wengi huchomeka fomu ya kampuni ya nje, na majina ya watoto yanavuka mpaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za namna hiyo. Fomu ya karatasi, au ya PDF ya kuchapa na kuleta ofisini, ingali inatosha.